Mkono wa Redio na Mkate Uliogoma

Mtaani kwetu hakuna aliyehangaika kununua redio, maana tunaye wa kwetu. Ni jirani yangu mwoka mikate, mama wa kicheko kikubwa na kiuno kikubwa zaidi, ambaye akifungua dirisha la jiko lake alfajiri basi taarifa ya habari imeanza, na haizimwi mpaka mkate wa mwisho uuzwe. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini nikilitaja hapa hata wanawe watauliza ni nani huyo. Sisi tunamwita Redio, naye anaitika.

Mimi ni fundi cherehani. Dirisha langu na la jiko lake yanatazamana, na katikati kuna kichochoro ambacho mwenye ndoo mbili lazima apite kiubavu. Kwa hiyo Redio namjua. Najua akikasirika anakoroga chai ambayo hajaitia sukari. Najua meza yake ya kukandia imelika katikati ikawa na bonde, na mikebe yake ya mkate ni myeusi kuliko sufuria ya msibani, wala haruhusu mtu aisugue. Najua pia ratiba yake ya habari. Wakati anakanda unga hutoa vichwa vya habari tu, maana pumzi haitoshi. Habari yenyewe, ile yenye majina na ushahidi, huihifadhi mpaka donge limeshaumuka, limegawanywa, mikebe imejaa na imepangwa kando ya tanuri. Hapo hunawa mikono, huegemea dirisha, hunitazama juu ya cherehani langu na kusema, "Fundi, hebu acha hilo pindo, hujasikia bado."

Na mkate wake! Watoto waliotumwa kwake walirudi nyumbani na mkate uliotafunwa kona zote nne, wakasema ni panya. Wazazi hawakuwapiga, kwa sababu na wao walipokuwa wakitumwa walisema ni panya.

Ukimuuliza siri ni nini, aliinua mkono wake wa kulia, mweupe kwa unga mpaka kiwikoni, akautingisha mbele ya uso wako. "Mkate ni mkono," alisema. "Unga unauzwa, hamira inauzwa. Mkono hauuzwi." Nasi tuliamini. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mteja kwamba mkono ule ungewekewa bima.

Basi mkono ukaugua. Vifundo vilianza kuvimba, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto kwa wivu, na daktari akamwambia akiendelea kukanda kila siku hatashika hata kijiko. Redio ana wana wawili. Mkubwa ni dereva wa lori, mtu wa maneno machache na maamuzi mengi. Mdogo anafundisha sayansi shule ya sekondari, na tunamwita Mwalimu hata pale anapokuja kuomba kushonewa kifungo. Hakuna kati yao aliyejua kukanda. Aliyejitokeza ni mke wa yule mkubwa.

Huyo mke alikuwa ameolewa miaka miwili tayari, lakini nyumba nzima ilikuwa bado inamwita Bi Harusi. Ndivyo alivyotambulishwa siku ya kwanza, na hakuna aliyepata nafasi ya kubadilisha. Alikuwa mpole, mchapakazi, asiyeinua sauti. Kabla ya hapo aliuza viatu dukani, na aliniambia siku moja kwamba tangu alipoingia jikoni mle na kunusa mkate ukitoka tanurini, hakutaka tena kunusa ngozi. Aliacha duka la viatu akajifunga aproni ya mama mkwe, ambayo ilimzunguka mara mbili.

Redio alimfundisha kama alivyofundishwa yeye. "Kanda mpaka donge liache kunata mezani. Funika, liumuke. Gawa, viringisha, tia kwenye mikebe. Choma." Kisha akahamia barazani kwenye benchi la kuuzia, akaenda na matangazo yake yote huko mbele. Dirisha la jikoni likabaki kimya. Nilikuwa nasikia moto wa kuni tu na pumzi za Bi Harusi akikanda.

Bi Harusi alifuata kila neno. Alikanda vizuri kuliko mama mkwe wake, nasema hivyo kwa sababu niliona kwa macho yangu. Alifunika, aliumua, aligawa kwa mizani, akatia kwenye mikebe, akaingiza tanurini papo hapo. Mkate ukatoka mfupi, mzito, umepasuka ubavuni kama kiatu kilichombana mwenyewe. Ukiukata, katikati umeshikana. Wiki ya kwanza wateja walisema, "Atazoea tu." Wiki ya pili walianza kupita upande wa pili wa barabara, wakitusalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

"Hana mkono," watu walinong'ona. Redio hakusema hivyo mbele yake. Alitazama tu mkono wake uliofungwa bandeji, akahema, na Bi Harusi akaona.

Dereva alirudi kutoka safari, akala kipande kimoja kwa bidii zote, akaweka kingine chini. "Mama umeugua," alisema. "Mke wangu anaumia bure. Mwisho wa mwezi nikirudi, mkate ukiwa hivi hivi, namleta mwashi tuvunje tanuri, tujenge chumba cha kupangisha." Hakusema kwa ubaya, aliona anawapumzisha. Lakini nilimwona Bi Harusi amesimama mlangoni na mikebe mikononi, na kwa muda mrefu hakuiweka chini. Alilitaka jiko lile kuliko kitu chochote nyumbani mle, na alikuwa hajamwambia mtu isipokuwa mimi.

Kuanzia siku ile kila mwenye mdomo alikuja na dawa. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema, lakini nadhani aliyesema hakuwa na mkate tanurini. Mwenye duka alileta unga wa aina nyingine. Muuza kuni alisema tatizo ni moto, tumia miti migumu. Mama mmoja wa kwaya alisema maji yachemshwe yapoe kwanza. Redio aliagiza hamira mpya. Bi Harusi, asiyejua kumkatalia mtu, alipokea kila ushauri na kuutekeleza wote siku moja, unga mpya, hamira mpya, kuni mpya, maji yaliyochemshwa. Na siku hiyo, ndugu zangu, mkate ukatoka mzuri! Ulipanda, ukajaa, ukang'aa.

Siku hiyo nilikuwa nimemwita Bi Harusi dirishani kwangu nimpime gauni, mikebe ikiwa imeshajaa. Bega moja lilinisumbua nikalifumua mara mbili, naye akakimbilia jikoni akiwa na pini mgongoni. Tulipoona mkate tulipiga vigelegele. Mwenye duka alisema, "Si niliwaambia unga?" Muuza kuni akasema moto. Mama wa kwaya alitembea mtaa mzima akiongea habari za maji. Redio alisema kimyakimya, kwa sauti iliyofika barabara ya pili, kwamba asubuhi ile alikuwa ameliwekea donge mkono wake kwa baraka.

Kesho yake Bi Harusi alifanya vilevile. Unga uleule, kuni zilezile. Mkate ukatoka mfupi, umepasuka ubavu.

Mwalimu alikuwepo siku hiyo, amekuja kufuata kifungua kinywa. Alitazama mkate, akatuuliza tulichokibadilisha jana. Tulimweleza, kila mtu kwa zamu na kwa kelele. Akashika kichwa.

"Mmebadilisha vitu vinne kwa siku moja," alisema. "Mkate ni mmoja. Ukipanda, pongezi apewe nani? Ukianguka, lawama abebe nani?"

"Lawama anabeba shemeji yako," nilisema, kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Alichukua chaki mfukoni, maana walimu hutembea na chaki kama sisi tunavyotembea na sindano, akageukia mlango wa jiko. "Kile unachokibadilisha wewe mwenyewe, kwa makusudi, tunakiita kigeu huru. Kile unachokaa kukitazama kama kitabadilika au hakibadiliki, hicho ni kigeu tegemezi, kinategemea ulichofanya. Vingine vyote unavishika palepale, visitikisike. Sasa niambieni, hapa kigeu tegemezi ni kipi?"

"Unga," alisema Redio.

"Hapana mama. Unga unaubadilisha wewe."

"Hasira za wateja," nilisema mimi.

"Karibu. Lakini hasira hazipimiki."

"Za kwangu zinapimika," nilisema.

"Kimo cha mkate," alisema Bi Harusi taratibu. "Unavyopanda au usivyopanda."

Mwalimu alimwelekezea chaki kwa furaha. Redio alifikiri kidogo, akasema, "Kumbe. Basi marehemu baba yenu alikuwa kigeu tegemezi. Nilikuwa nikibadilisha sauti tu, anabadilika." Tulicheka mpaka mteja mmoja akaingia kuuliza kuna nini. Mkate hakununua.

Mwalimu akapanga jaribio. Kila mtu anasema tatizo ni mkono? Vizuri, tuubadilishe mkono peke yake. Unga uleule, hamira ileile, maji ya bomba yaleyale, kuni zilezile, mikebe ileile. Leo akande mama, kidogo tu, daktari hatajua. Kesho akande shemeji. Kisha tupime. Na kwa kupimia akachukua futi yangu ya kushonea bila kuniuliza. Aliirudisha ina makombo na siagi, na mteja wangu wa suruali alinukia kifungua kinywa wiki nzima.

Redio alifungua bandeji akakanda. Ilikuwa kama kumwona mchezaji mstaafu akirudishwa uwanjani. Alikunja uso kwa maumivu na huku anatabasamu. Alifunika, aliumua, aligawa, akapanga mikebe kando ya tanuri, akanawa. Halafu akaja dirishani kwangu, na mimi nilikuwa nimemkosa kiasi kwamba nilizima cherehani kabla hajasema neno. Nilikuwa na habari ya mpangaji wangu aliyeoa kimyakimya. Yeye alikuwa na habari ya mke wa huyo mpangaji. Tuliunganisha tukapata kitu kizima. Mkate ulipotoka ulikuwa umesimama juu ya mkebe kama zamani, na nilikula nikafumba macho.

Kesho ikawa zamu ya Bi Harusi. Mwalimu alisimama pembeni yake mwanzo mpaka mwisho kuhakikisha hakuna kinachotikisika. Kila kitu sawasawa. Ukatoka mfupi, umepasuka.

Mwalimu alipima, akapima tena, akaandika mlangoni: *Kigeu huru: mkono.* Aliandika polepole, maana hakupenda alichokuwa anaandika. Redio alifungua mdomo aseme "Si nilisema," nilimwona kabisa, halafu akamtazama mkaza mwana wake akaufunga. Maskini Bi Harusi alikuwa ameshika ukingo wa meza, palepale penye bonde. Nilidhani atalia. Ningelia mimi.

Hakulia. Alisema, "Shemeji, hukushika kila kitu."

"Nini sikukishika?"

"Mdomo wa mama."

Miaka miwili nyumbani mle, hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza lenye ncha. Redio alimkodolea macho. Mimi nilishikilia dirisha nisianguke nje.

"Samahani mama," Bi Harusi aliendelea. "Jana ulipopanga mikebe ulikwenda dirishani. Ukazungumza na Fundi mpaka habari ya ndoa ikaisha na ya talaka ikaanza. Madonge yakakusubiri hapo kando ya joto. Mimi nikishapanga mikebe naingiza papo hapo, maana ndivyo nilivyofundishwa. Gawa, tia kwenye mikebe, choma. Na ile siku mkate ulipokubali, si unga wala maji. Mikebe ilikuwa inanisubiri nikipimwa gauni."

"Lakini mimi pale huwa napumzika tu," alisema Redio.

"Na donge nalo huwa linapumzika," alisema Mwalimu, macho yamemtoka. "Linaumuka mara ya pili. Shemeji! Ulipokwenda mkono wa mama, na maongezi yake yalikwenda nao. Tumebadilisha vitu viwili tukadhani ni kimoja." Alifuta mlango kwa kiganja. "Lazima tuvitenganishe. Mkono ubaki wa mama, maongezi yatoke. Mama, kesho utakanda tena, na ukishapanga mikebe unaingiza hapohapo. Kimya kimya."

"Mimi ninyamaze?"

"Unyamaze."

"Nitanyamaza," alisema Redio kwa heshima kubwa, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake usoni.

Nilifunga dirisha langu asubuhi ile kama nilivyoagizwa. Nilimsikia akikohoa kwa makusudi. Nilimsikia akigonga mkebe juu ya mkebe kwa namna inayouliza swali. Mara moja alisema "Fund—" na Mwalimu akasema "Mama!" na kimya kikarudi. Nilishona kola kinyume siku hiyo. Kisha nikasikia mlango wa tanuri, nikajua umetoka, nikafungua.

Mkate wa Redio, uliokandwa na mkono wa Redio, ulikuwa mezani. Mfupi, mzito, umepasuka ubavu.

Mwalimu alikuwa anaruka. Aliandika mlangoni kwa herufi kubwa: *Kigeu huru: muda wa kusubiri.* "Ni hivyo tu!" alisema. "Tununue saa ya ukutani, itundikwe pale, shida imekwisha! Shemeji, tanuri halivunjwi!" Bi Harusi alicheka, na nilikuwa sijawahi kuona meno yake yote. Sote tulikuwa tunaongea, na ilichukua muda tugundue kwamba mmoja haongei. Jaribio lilikuwa limekwisha, ruhusa ya kusema ilikuwepo, na Redio bado alikuwa kimya. Alikuwa ameweka mkono wake wa kulia juu ya ule mkate kana kwamba anaupima homa. Kisha akavua aproni, akaitundika msumarini, akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Hapo furaha ilinitoka, nawaambia kweli. Sikuwa nimefikiria upande huo. Tulikuwa tumetafuta kilichokosekana kwa Bi Harusi, tukakipata, na hapohapo tukamnyang'anya mwenzake kitu alichokiinua hewani miaka yote.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya Dereva kurudi. Alfajiri nilifungua dirisha mapema. Bi Harusi alikuwa peke yake. Alikanda, akafunika, likaumuka, akagawa, akapanga mikebe kando ya tanuri. Sasa alijua, alichotakiwa ni kusubiri tu. Mwalimu alikuwa amekwisha kumwachia saa yake ya mkononi juu ya meza. Bi Harusi aliitazama ile saa. Akaigeuza kifudifudi, akatoka ukumbini, akagonga mlango wa mama mkwe wake. Nyumba zetu kuta zake ni nyembamba na mimi si kiziwi.

"Mama, madonge yako kwenye mikebe."

"Tazama saa," sauti ilisema.

"Saa haina habari, mama."

Nikasikia akijigeuza kitandani. Halafu: "Miaka yote nawaambia watu mkono, mkono. Kumbe ni domo tu. Watanicheka mtaa mzima."

"Wacheke. Watakuwa wanacheka na mkate mdomoni."

"Nenda mwanangu. Huna haja na mimi tena. Hata paka angeweza kukaa hapo akasubiri."

"Haja ninayo," alisema Bi Harusi. "Miaka miwili nakusikia ukizungumza na Fundi dirishani, ukizungumza na wateja barazani. Mimi nasikiliza mgongo wako. Njoo unizungumzishe na mimi."

Kitanda kililia. Mlango ukafunguka. Redio aliingia jikoni na kanga yake ya kulalia, macho yamevimba. Niliinua mkono kumsalimia, tayari na habari zangu, naye akanitikisia kichwa akavuta kigoda. Alikaa kando ya mikebe, akanipa mgongo. Niliona wivu, sikatai. Halafu nikajisemea, Fundi, funga mdomo ushone.

Alianza polepole, hakuanza na habari za mtaa. Alisema, "Mama mkwe wangu alikuwa hasemi. Alinifundisha hapa hapa. Kanda, funika, gawa, choma. Zaidi ya hayo, hata habari za asubuhi ilikuwa bahati. Nilikaa jiko hili nasikiliza moto. Na mkate wetu enzi zile, nikuambie ukweli, ulikuwa wa kuziba tumbo tu. Nilidhani ni kwa sababu sijaujua mkono. Halafu huyu hapo," alinielekezea kidole gumba bila kugeuka, "akahamia na cherehani lake. Nilimrukia siku ya kwanza kama mtu aliyeona maji. Na kumbe tangu siku ile ndiyo mkate ukaanza kusifiwa."

Alichezea bandeji.

"Nami nikakufundisha hivyohivyo nilivyofundishwa," alisema. "Kanda, funika, gawa, choma. Neno la ziada sikukupa."

Bi Harusi aliinama akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

Madonge yalikuwa yamepanda mpaka ukingoni. Waliyaingiza pamoja, mmoja akishika mikebe, mwingine akielekeza. Harufu ilitoka kwenye kichochoro, ikapita nyumba kwa nyumba, na nikaona watu waliokuwa wanapita upande wa pili wa barabara wakivuka.

Dereva alifika katikati ya foleni hiyo, na mwashi nyuma yake amebeba nyundo na pima maji. Bi Harusi alimkatia mumewe kipande bila kusema chochote. Alikula amesimama. Akakatiwa kingine. Mwashi naye akapewa, akala, akafuta mdomo kwa kiwiko, akauliza, "Sasa kiongozi, cha kuvunja ni kipi?"

Dereva alitafuna mpaka akamaliza. "Hakuna cha kuvunja," alisema. "Tazama huo ufa hapo juu ya mlango wa tanuri. Uzibe." Kisha akamtazama mkewe kwa muda, kama dereva aliyegundua kwamba barabara aliyoizoea ina mtelemko. "Umefanyaje?"

"Nimesubiri," alisema.

Mikate ile iliisha kabla mwashi hajakoroga saruji yake, hivyo ikabidi wachome mkupuo wa pili. Bi Harusi akakanda, Redio akanyunyiza unga mezani kwa vidole viwili visivyouma. Walipopanga mikebe, Redio alirudi kwenye kigoda chake, akajiweka sawa, akavuta pumzi ya mtu mwenye habari nzito. Nilizima cherehani, nikasogea dirishani. Ilikuwa habari ya mama wa kwaya, naijua ile pumzi.

Akasita. Akamgeukia mkaza mwana wake.

"Na wewe," alisema. "Kwenu kuna habari gani?"

Bi Harusi aliitazama mikebe. Alitazama moto. Kisha akavuta gunia la unga akakaa juu yake, na akaanza. Alianza na mama yake anayeongea na kuku wake kwa majina. Akaja kwa kaka yake aliyetoroka na gitaa la kanisa na akarudi na mke asiyejua kuimba. Akaeleza duka la viatu, wanaume wanaodanganya saizi ya miguu yao, na mzee aliyenunua kiatu kimoja kila mwezi kwa sababu alipenda kuvishwa. Aliigiza sauti zao. Kumbe alikuwa na sauti nyingi! Redio alishika mbavu, akapiga paja kwa mkono mbovu, akasema "Aii!" akacheka tena. Mimi nilikuwa nimetoka nusu mwili dirishani. Hata mwashi alisimamisha mwiko wake hewani, saruji ikawa inamkaukia.

Mwalimu alirudi kutoka shuleni akiwa na saa mpya ya ukutani kwapani. Alisimama mlangoni. Madonge yalikuwa yamepita ukingo wa mikebe zamani, yamemwagika, yameshikana mkebe kwa mkebe, mengine yameanza kuteremka kuelekea sakafuni.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Yamepitiliza! Yameharibika yote!"

Redio aliinua mkono wake wa kulia, ule ule, wenye bandeji na unga, akamzuia palepale alipo.

"Mwache amalize," alisema.